Fanicha za kale, za zamani na za kisasa: ipi ununue kwa nyumba ya Uganda

Meza ya kulia ya mvule yenye upana wa sentimita 90, ikitengenezwa kwa mbao mbichi, husinyaa karibu sentimita 2 kabla haijatulia. Ya paini inaweza kufika sentimita 3. Hapo ndipo uso wa meza hupasuka, viti huanza kucheza na droo huacha mwanya wa kupitisha kidole. Kwa hiyo mnunuzi wa Kampala, Mbarara au Arua aanze na swali moja kabla ya mtindo na rangi: mbao hizi zimekwisha kukauka, au zitamalizia kukauka sebuleni kwangu? Fanicha ya kale na ya zamani imekwisha kulijibu. Ya fundi wa barabarani bado. Ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi (chipbodi), ina ugonjwa wake mwingine: yenyewe huvimba.

Kwa desturi ya wafanyabiashara na ya forodha za nchi nyingi, kitu cha kale ni kile kilichotimiza miaka 100. Cha zamani ni cha chini ya hapo lakini kimevuka miaka 20 au 30. Kwa hapa Uganda, kwa vitendo, ni fanicha za kuanzia miaka ya 1930 hadi 1980. Za kisasa zimegawanyika mafungu mawili yasiyofanana hata kidogo: za kiwandani zinazoshuka kwenye makontena zikiwa vipande vya kuunganishwa, na za fundi seremala wa Nsambya, Bwaise au kando ya barabara ya mji wowote. Anayeyaweka mafungu haya mawili kapu moja ataishia kulipa bei ya mvule kwa chipbodi.

Za kale: chache kuliko zinavyotangazwa

Historia yenyewe inamsaidia mnunuzi hapa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivushwa ziwani kwa meli. Treni ya kutoka Mombasa iliingia Kampala yenyewe mwaka 1931. Kabla ya reli karibu kila kitu kutoka pwani kilibebwa na wapagazi, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kama kilo 30. Ukiambiwa kwamba kabati la milango mitatu lililetwa na wamisionari miaka ya 1880, jiulize lilibebwa na nani. Vilivyoweza kufika wakati huo ni vitu vyepesi au vya kukunjwa: viti vya kambini, masanduku, meza ndogo. Zaidi ya hapo, fanicha za kale zilizopo nchini ni mabenchi ya makanisa na misheni, makasha ya pwani yenye vifungo vya shaba, stuli za kuchongwa kutoka gogo moja, na vitu vilivyoletwa baadaye kutoka Ulaya au India.

Makasha ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu yale yale yanaendelea kutengenezwa hadi leo. Beba sumaku. Ikinata kwenye "shaba", hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kisha fungua kifuniko utazame ndani: kasha la kale limefubaa ndani na nje kwa namna tofauti, la kuigiza limepakwa rangi moja nyeusi hadi chini ya bawaba.

Mnunuzi aliyesoma vitabu vya Ulaya kuhusu kutambua umri ana mtego mmoja anaokutana nao Uganda. Vitabu hivyo husema alama za msumeno wa mkono nyuma ya ubao ni ushahidi wa ukale. Hapa mbao zimeendelea kupasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni, karne nzima ya 20 na hata sasa. Alama hizo hazithibitishi kitu. Vivyo hivyo droo zilizoungwa kwa mkono: fundi wa mwaka 1985 alizikata kwa patasi ile ile ya babu yake. Ushahidi unaofaa ni wa vitu vya kiwandani vyenye mwanzo unaojulikana. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930. Chipbodi haikuwa sokoni kabla ya miaka ya 1940, na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) kabla ya miaka ya 1960. Sponji ya kisasa iliingia kwenye makochi kuanzia miaka ya 1950. Skrubu moja ya msalaba inaweza kuwa ya matengenezo, lakini zikiwa zote, na matundu yake hayajawahi kutobolewa kwa skrubu nyingine, umri wa kitu umejulikana.

Kipimo kingine ni futi ya kupimia tu. Ubao husinyaa kwa upana wake. Kwa urefu wa nyuzi haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo meza ya duara iliyokwisha kula miaka mingi haibaki duara kamili. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha kwa kuzikatiza. Tofauti ya milimita 3 hadi 6 kwenye meza ya mita moja ni dalili nzuri. Ikiwa ni duara kamili kabisa, shuku.

Thamani ya kitu cha kale ipo kwenye uso wake wa asili, ile rangi iliyokolea kwa mikono na miaka. Ukikipeleka kwa fundi akakipiga msasa na kukipaka vanishi inayong'aa, umelipia ukale kisha umeutupa. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, kikaushwe papo hapo, kipakwe nta. Nta ya kutosha nyumba nzima hutengenezwa kwa gramu 100 za nta ya nyuki na mililita 300 za tapentaini: yeyusha nta kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, ondoa bakuli motoni na usogee mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini ukikoroga. Anayemimina huku jiko likiwaka anatafuta moto. Paka kidogo sana, subiri dakika 20, sugua kwa kitambaa kikavu.

Fanicha za kale zilizotoka Ulaya zina shida ya ziada. Zimekaa miongo kadhaa kwenye nyumba zinazopashwa joto, hewa ikiwa kavu. Zikifika Entebbe, ziwani, hunywa unyevu na kutanuka. Droo hukwama. Usikimbilie randa. Iache chumbani miezi miwili au mitatu, sugua nta kwenye njia za droo, kisha uamue, kwa maana ukiiranda wakati wa mvua, Januari itakuwa inapwaya. Safari ya kinyume huleta kinyume chake: kabati lililozoea Entebbe likihamia Moroto au Gulu wakati wa kiangazi hufunguka kwenye viungo. Liweke mbali na dirisha la jua, na usijaze gundi kwenye nyufa miezi ya mwanzo.

Mambo mawili ya kuyaacha kabisa. Kitu chenye pembe za ndovu, hata kipande kidogo cha nakshi, kina sheria za kimataifa juu yake. Na stuli au kiti kinachosemekana kimetoka kwenye sabo (nyumba ya ibada za jadi) au kwa watawala wa kimila kisinunuliwe kwa neno la dalali. Kuna Jumba la Makumbusho la Uganda, Kitante, lenye watu wanaojua vitu hivyo.

Kwa ufupi, fanicha ya kale inamfaa mwenye nyumba yake mwenyewe, asiye na watoto wadogo kwenye chumba hicho, na anayetaka kipande kimoja au viwili. Kujaza nyumba nzima kwa vitu vya kale ni kuishi ndani ya makumbusho.

Za zamani: hapa ndipo pesa inapotulia

Fanicha za miaka ya 1930 hadi 1980 zilitengenezwa kwa mvule, mahogani na nkoba wakati magogo makubwa ya Budongo na Mabira yalikuwa yanapatikana. Zilijaza nyumba za watumishi wa serikali, mabweni ya shule za misheni, ofisi za reli, nyumba za mameneja wa mashamba ya miwa na chai, na maduka ya Waasia wa Jinja, Mbale na Kampala hadi walipofukuzwa mwaka 1972. Leo hutoka pale familia inapohama au inapogawana urithi, taasisi inapopiga mnada, au jengo kuukuu linapobomolewa. Mbao zake ni pana kuliko utakazopata leo kwa pesa yoyote ya kawaida, na zimekaa kwenye hali ya hewa ya nchi hii miaka 40 au zaidi. Kusinyaa kwake kukubwa kumekwisha.

Katika makundi yote, hili ndilo tunaloliweka mbele kwa meza za kulia, viti, vitanda, kabati za vyombo na madawati. Bei yake mara nyingi iko chini ya kitu kipya cha mvule kwa sababu muuzaji anaona ukuukuu, mikwaruzo na vanishi iliyobabuka. Mikwaruzo haina maana. Vinavyopaswa kuamua ni wadudu, viungo na vipimo.

Wadudu kwanza. Nenda na tochi, kisu kidogo na karatasi nyeupe. Geuza kitu chini juu. Mashimo ya milimita 1 hadi 2 yenye unga laini wa rangi ya krimu ni ya vidudu vinavyobungua sehemu nyeupe ya mbao, ile ya nje ya gogo yenye wanga. Moyo wa mvule, ule wa kahawia, huwa hawauwezi. Tazama kingo za mashimo: zikiwa nyeusi na zenye vumbi la miaka, wadudu walikwisha kuondoka, zikiwa nyeupe, wapo. Gonga kitu, kiweke juu ya karatasi nyeupe siku mbili, uone kama unga mpya umedondoka. Wakiwepo kwenye kipande kimoja cha nyuma au chini ya droo, kibadilishwe. Wakiwa kwenye miguu ya kitanda, achana nacho, au ujipange kudunga dawa yenye permethrin kwa sindano shimo hadi shimo, kupaka mbao zote zisizo na vanishi, na kurudia baada ya wiki kadhaa, kwa sababu mabuu waliojificha ndani hawafikiwi na dozi ya kwanza. Mchwa ni habari tofauti. Chomeka kisu kwenye ncha ya mguu iliyogusa sakafu: kikizama bila nguvu, ndani mmebaki udongo tu. Kitanda na kochi vikaguliwe kunguni kwenye viungo na mishono, usiku ikiwezekana, na kochi lolote la zamani livuliwe kitambaa na sponji kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Hapa hakuna huruma.

Viungo vikiwa vimelegea si sababu ya kuacha kitu. Ni sababu ya kupunguza bei. Kiti cha zamani mara nyingi kiliungwa kwa ulimi na tundu na gundi ya wanyama, ambayo hulainika kwa maji moto, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: kinaweza kufunguliwa. Kukitengeneza, kitenganishe kwa nyundo ya mpira, lainisha gundi kuukuu kwa kitambaa cha maji moto, ikwangue yote kwenye ulimi na ndani ya tundu mpaka mbao ionekane. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Mafundi wengi huruka hatua hii na kiti hurudi kucheza baada ya miezi michache. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, unganisha, zungusha kamba kwenye miguu na uikaze kwa kijiti cha kuzungusha, acha saa 24. Ulimi ukiwa mwembamba kuliko tundu, ubandike kipande chembamba cha mbao ngumu kwanza. Fundi akitoa msumari, mzuie: msumari hupasua ulimi, na baada ya hapo kiti hakina tiba rahisi.

Vipimo ndivyo vinavyowakamata wengi. Magodoro ya Uganda huuzwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, yaani sentimita 122, 152 na 183 kwa 183. Kitanda cha watu wawili cha vipimo vya Kiingereza vya zamani ni futi 4 na inchi 6 kwa futi 6 na inchi 3, kama sentimita 137 kwa 190. Godoro la 4 kwa 6 litaacha nafasi ya sentimita 15 pembeni, la 5 kwa 6 halitaingia. Ama uagize godoro la kukatwa kwa kipimo, ama fundi abadilishe mbao za pembeni. Vitanda vya kisasa kutoka nje vya sentimita 180 kwa 200 vina kasoro hiyo hiyo upande wa urefu: godoro la 6 kwa 6 linaacha sentimita 17 miguuni. Pima kitanda ndani, kati ya mbao, kabla ya kutoa pesa. Kabati la zamani lipimwe kwa urefu pia. Mengi ni kipande kimoja kisichofunguka, na ngazi za nyumba za ghorofa hazikubali.

Kuna pia rangi. Kitu cha zamani kilichopakwa rangi ya mafuta, hasa kitanda cha mtoto, huenda kina madini ya risasi, yenye sumu, ndani ya rangi. Kisipigwe msasa mkavu, na kisitumiwe na mtoto anayetafuna pembe za kitanda. Na unapopiga msasa mvule wowote, vaa barakoa: vumbi lake huwasha pua, macho na ngozi.

Za kiwandani

Uzito usikuvutie. Watu wengi hunyanyua kona ya kabati, wakaliona zito, wakaamini ni mbao ngumu. MDF ina kilo 700 hivi na zaidi kwa mita ya ujazo. Mvule mkavu uko chini kidogo ya hapo, na paini kavu ni kama 500. Kinachosema kweli ni ukingo. Kwenye ubao halisi, nyuzi za uso huendelea hadi mwisho wa ubao na kuonekana hapo zikiwa vitundu na duara za mti. Kwenye MDF au chipbodi, ukingo umebandikwa utepe. Tazama nyuma, au ndani ya tundu la skrubu, utaona chenga au unga wa mbao.

Fanicha hizi zina faida za kweli. Ni nyoofu, milango yake hukaa sawasawa siku ya kwanza, vipande vyake huingia kwenye bodaboda mbili au pikapu ndogo, na bei ya kabati la nguo la milango mitatu iko ndani ya uwezo wa mpangaji. Hufia mahali patatu. Pa kwanza ni chini: sakafu ikipigwa deki kila asubuhi, maji huingia chini ya utepe na chipbodi huvimba, haishuki tena. Inua kabati kwa miguu ya plastiki ya sentimita 10, au angalau pitisha silikoni ukingo wote wa chini kabla ya kulisimamisha. Pa pili ni bawaba: skrubu hung'oka na kuacha shimo la unga. Tiba ni kutoboa shimo kwa kipenyo cha milimita 8 au 10, kugongomea kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, kusubiri usiku mmoja, kisha kutoboa upya katikati yake. Pa tatu ni rafu: chipbodi ya milimita 16 ikivuka sentimita 60 bila nguzo katikati na ikabebeshwa vitabu, itapinda na kubaki imepinda.

Viungo vya kuzungusha vya fanicha hizi hustahimili kufunguliwa na kufungwa mara mbili, tatu kwa bahati. Anayehama kila mwaka alifikirie hilo. Harufu kali kwenye kabati jipya ni gesi ya gundi. Acha milango wazi na madirisha wazi wiki mbili kabla ya kuweka nguo za mtoto, na ukipata chaguo, chukua bodi zenye alama ya E1, yaani zinazotoa gesi hiyo kidogo.

Za fundi

Hapa kuna uwezekano wa kupata kitu bora kuliko vyote vitatu, au kibaya kuliko vyote. Tofauti iko kwenye mbao na kwenye maagizo yako. Fundi hununua mbao Ndeeba au kwa mfanyabiashara wa karibu, nyingi zikiwa zimepasuliwa majuzi, naye hana mtaji wa kuzihifadhi miezi sita. Lawama si zake peke yake. Mteja anataka kochi wiki ijayo.

Kipima unyevu cha pini mbili si ghali na kinakaa mfukoni. Ndani ya nyumba za ukanda wa ziwa mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Kataa chochote kinachosoma zaidi ya 16, na usipime uso tu: omba kipande kikatwe katikati upime pale pale kilipokatwa, kwa kuwa uso hukauka mapema. Bila kipimo, chukua kipande kidogo, kipime kwa mizani ya jikoni, kiache kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 120 na kuishia 100, unyevu ulikuwa asilimia 20. Hizo ni mbao za kurudishwa.

Kwa aina za mbao: mvule na mahogani kwa meza na vitanda, ukidai sehemu nyeupe ikatwe yote. Ukiambiwa bei ya kupasua mvule ni kubwa, usidhani unaibiwa. Mti huo huweka mawe ndani yake na meno ya msumeno hufa. Mugavu ni mzuri na mgumu, unapatikana. Paini kavu inafaa rafu na vitanda vya watoto. Musizi ni mwepesi na hauvumilii wadudu. Uishie mahali pakavu, na uwe umetiwa dawa. Kalitunsi (mkaratusi) hujipinda na kupasuka ikikaushwa haraka, nayo ndiyo huishia ndani ya makochi mengi mahali jicho lisipofika. Kwa mbao za asili uliza risiti na kibali cha kukata mti. Mvule wa bei ya ajabu mara nyingi ni mvule ulioibwa msituni.

Njia moja inayodharauliwa ni kumpelekea fundi mbao zako mwenyewe: milango, mihimili na mabenchi ya mvule kutoka majengo yanayobomolewa. Zimekwisha kukauka miaka 50. Pitisha sumaku kutafuta misumari kabla ya kuzipeleka kwenye mashine, la sivyo mwenye mashine atakudai kisu chake.

Agizo liandikwe. Vipimo kwa sentimita, unene wa mbao baada ya kurandwa (uso wa meza usipungue milimita 25), aina ya kiungo, na namna uso wa meza utakavyofungwa kwenye fremu. Hapa sisitiza: kwa vibati vinavyoteleza au skrubu kwenye matundu marefu, kamwe si kwa gundi na misumari pande zote. Hata mbao kavu za mvule za upana wa sentimita 90 huchezacheza kama milimita 5 kati ya masika na kiangazi, zikibanwa, hupasuka. Lipa nusu, kisha rudi kuona kazi kabla ya vanishi. Baada ya vanishi, mchanganyiko wa gundi na vumbi la msumeno uliojazwa kwenye nyufa hauonekani, na utadondoka mwaka ujao.

Kochi liangaliwe likiwa mifupa. Fremu iwe na kona zilizounganishwa kwa skrubu na vipande vya kuimarisha, mikanda ya kukalia iwe imevutwa kwa nguvu na kupishana, na sponji ya kukalia iwe na uzito wa kilo 28 hadi 35 kwa mita ya ujazo. Nyepesi kuliko hapo hulala ndani ya mwaka. Kwa kochi la watu watatu tenga mita 10 hadi 12 za kitambaa cha upana wa 1.4. Makochi, kwa maoni yetu, yawe mapya au mifupa ya zamani iliyovalishwa upya. Kununua kochi la mitumba na sponji yake ni kununua usingizi wa watu usiowajua.

Kuchagua kwa hali ya nyumba

Mpangaji anayehama mara kwa mara achukue kabati la kiwandani, kitanda cha zamani kinachofunguka kwa boliti au kabari, na meza ya kulia ya zamani inayopita kwenye mlango wa sentimita 80. Mwenye nyumba yake aweke pesa kwenye meza na viti vya zamani, amwachie fundi kabati za kujengwa ukutani, na kama amebakiwa na kitu, anunue kasha moja la kale la kuwekwa penye kivuli. Chumba cha mtoto kiwe na vitu vipya vya fundi, vya paini, rangi inayojulikana imetoka kopo gani. Jikoni, karibu na sinki, plaiwudi ya kustahimili maji au mvule, chipbodi isisogee. Ofisini, dawati la zamani la mvule lenye droo mbavuni linashinda lolote la dukani, ila pima urefu wa kukalia: uso wa meza sentimita 74 hadi 76, kiti 43 hadi 45, na madawati mengi ya zamani yana ubao wa mbele unaogonga magoti.

Kabla ya kukiingiza chochote cha mbao halisi ndani, pinduliza miguu juu, paka ncha zake nta moto au vanishi mara tatu, gongomea vitako vya plastiki. Ncha za ubao hunyonya maji ya sakafu ya saruji kuliko upande mwingine wowote, na ndiko mvule mzuri wa miaka 60 huanzia kuoza. Wakati wa kusafirisha, droo zitolewe, milango ifungwe kwa kamba juu ya blanketi, kabati lilazwe kwa mgongo na meza ipinduliwe uso chini juu ya godoro. Miguu iliyoangalia juu haivunjiki Northern Bypass, barabara ya kuzunguka Kampala.